Xeon ya soketi 771 kwenye ubao mama wa 775: stika ni kazi ya dakika tano, BIOS ndiyo ya siku nzima

FundiKondele (Kisumu)

Wadau, swali la "nikibandika stika Xeon itawaka?" limeulizwa vipande vipande kwenye nyuzi kadhaa na majibu yamechanganyika. Naliweka lote hapa.

Intel ilikuwa na soketi mbili ndugu: LGA 775 ya kompyuta za mezani na LGA 771 ya seva. Prosesa zenyewe kwa ndani ni zilezile. Xeon E5450 ni Core 2 Quad Q9650 iliyovaa ovaroli: viini vinne, 3.0 GHz, kache ya MB 12, FSB (basi, yaani njia ya data kati ya prosesa na chipseti) 1333. Kinachozitenganisha ni pedi mbili za chini, L5 na M5, ambazo zimebadilishana nafasi, na vile vipengo vya pembeni ambavyo kwenye 771 vimekatwa upande mwingine. Stika ni adapta ya kurudisha hizo pedi mbili mahali pake, basi. Haiongezi umeme na haifundishi BIOS, yaani programu ya ubao inayoiwasha mashine, kitu isichokijua.

Ndiyo maana mtu anayeanza kwa kununua prosesa huishia na kipande cha bati mezani. Anza na ubao.

Jua chipseti yako, yaani chipu kuu za ubao. Kwenye Windows tumia CPU-Z, ukurasa wa Mainboard. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -t baseboard. P35, P45, G33, G41, G43, G45, X38 na X48 ndizo zenye matumaini. G31 inawezekana lakini ina mambo yake, nitayarudia. 945 na 965 nyingi zilitoka kabla ya prosesa za nanomita 45, kwa hiyo usijisumbue. Kipimo changu ni kimoja: fungua orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Kama Q9550 au Q9400 imo, Xeon za familia ya E54xx zina nafasi. Kama hakuna hata Quad moja ya nanomita 45, funga hesabu.

Halafu chagua prosesa kwa wati, usiichague kwa GHz:

L5420: 2.5 GHz, wati 50
L5430: 2.66 GHz, wati 50
E5430: 2.66 GHz, wati 80
E5440: 2.83 GHz, wati 80
E5450: 3.0 GHz, wati 80
X5450: 3.0 GHz, wati 120
X5460: 3.16 GHz, wati 120

Angalia E5450 na X5450. Kasi ileile, kache ileile, lakini moja inakula wati 40 zaidi. Muuzaji atakuambia X ni bora kwa sababu ni "Extreme". Mwachie.

Ubao wa bei ya chini wa G41 una awamu tatu za umeme wa prosesa, mosfeti (transista zinazopitisha umeme huo) ziko wazi bila hitisinki, yaani bati la kupoza, hata moja. Ukiuwekea wati 120 utawaka, utafanya kazi wiki mbili, halafu utanusa harufu. Kwa mbao hizo mwisho ni wati 80, na kwa joto la Kisumu ningesema hata 50.

MamaSaiba_Nakuru

Asante fundi. Nina mashine sita za saiba: nne za G41 na mbili za G31, zote zina Pentium E5300. Wateja wanafungua eCitizen, KRA na video kidogo. Je, zote sita zibadilishwe?

FundiKondele (Kisumu)

Mama, zile nne za G41, ndiyo. Zile mbili za G31 ziache kwanza.

Sababu ni hesabu. E5450 ina kizidishi cha 9, na FSB 1333 maana yake ni saa ya 333 MHz: 333 mara 9 ni 3.0 GHz. G31 kwa karatasi mwisho wake ni FSB 1066, yaani 266 MHz. Ubao ukikataa kupanda, unapata 266 mara 9, ambayo ni 2.4 GHz. L5420 ina kizidishi cha 7.5, itaangukia 2.0 GHz. Mbao nyingine za G31 zinapanda hadi 1333, lakini hapo chipseti inafanya kazi juu ya kipimo chake.

La pili, G31 mwisho wake ni RAM ya GB 4. Viini vinne juu ya GB 4 na Chrome yenye tabo kumi? Utakuwa umenunua matatu kubwa ya kuvuta mkokoteni wa punda.

Na E5300 yenyewe ni viini viwili, 2.6 GHz, kache MB 2, FSB 800. Kwa hiyo kwenye G41 utaona tofauti kweli, hasa mtu akifungua video huku programu ya saiba ikiendelea nyuma.

Bondeni_PC (Nakuru)

Naongezea kwa mama kuhusu RAM ya G41, kwa sababu hapo ndipo pesa hupotea kimyakimya.

G41 inapokea hadi GB 8, iwe ni DDR2 au DDR3 kulingana na ubao. Kwa DDR3, kijiti cha GB 4 lazima kiwe na chipu 16, nane kila upande. Vile vipya vya GB 4 vyenye chipu nane tu havitambuliki, au ubao unaona nusu, au hauwaki kabisa. Chipu zake ni kubwa kuliko chipseti inavyoweza kuhesabu. Ukienda dukani usiulize "GB 4 DDR3", geuza kijiti uhesabu.

Kwa DDR2, vijiti vya GB 4 vinavyouzwa bei rahisi mtandaoni vingi ni vya mbao za AMD pekee. Kwenye Intel havifanyi kazi. Kama tangazo limeandika AMD popote, pita.

FundiKondele (Kisumu)

Sahihi kabisa. Sasa BIOS, kwa sababu ndiyo inayoua kazi nyingi.

Kila prosesa inahitaji maikrokodi, yaani kipande kidogo cha maagizo ambacho BIOS humpa prosesa wakati wa kuwaka. BIOS ya ubao wa 775 ina maikrokodi za Core 2 lakini mara nyingi haina za Xeon. Ukiweka Xeon bila maikrokodi utaona moja ya haya: ubao unawaka na kuandika prosesa haijulikani, unawaka lakini maagizo ya SSE4.1 hayapo na kasi haishuki mashine ikipumzika. Au skrini nyeusi.

Soma kodi iliyochapwa kwenye bati la prosesa. E5450 yenye SLANQ ni toleo la C0, kitambulisho chake ni 10676. Yenye SLBBM ni E0, kitambulisho 1067A. Maikrokodi ya mwisho ya 10676 ni 60F na ina baiti 4096. Ya 1067A ni A0B na ina baiti 8192. Kumbuka hizo baiti. BIOS yako ikiwa imejaa, ya C0 inaweza kuingia mahali ambapo ya E0 haitoshi.

Utaratibu wa BIOS ya AMI:

1. Pakua BIOS ya mwisho kutoka kwa mtengenezaji, ya ubao wako NA toleo lake (rev). "Rev 1.0" na "rev 2.0" ni mbao mbili tofauti hata kama jina ni moja. Namba hiyo imechapwa kwenye ubao wenyewe, pembeni.
2. Hifadhi BIOS iliyomo sasa, uiweke kwenye flashi diski NA kwenye simu.
3. Fungua faili kwa programu ya MMTool, ukurasa wa CPU Patch. Tazama kama 10676 au 1067A ya Xeon tayari ipo. Mbao nyingine zinayo, na hapo kazi imeisha.
4. Kama nafasi haitoshi, futa maikrokodi za Pentium 4 za zamani, halafu ingiza yako, hifadhi kwa jina jipya.
5. Flashi huku PROSESA YA ZAMANI ikiwa bado ndani. Rudisha mipangilio ya kiwanda, zima, washa tena uhakikishe ubao uko sawa. Ndipo utoe prosesa.

Kwa BIOS ya Award utatumia programu ya CBROM: toa moduli ya NCPUCODE.BIN, unganisha na maikrokodi yako kwa copy /b, rudisha. Ukubwa wa moduli usizidi ule BIOS inaokubali.

Hatua ya 5 watu huigeuza. Wanabandika stika kwanza, skrini inakuwa nyeusi, halafu hawajui kama kosa ni stika, ni maikrokodi au ni RAM iliyosogea.

Otonglo_88

Stima ikikatika katikati ya kuflashi?

FundiKondele (Kisumu)

UPS, hakuna njia nyingine. Kisumu mvua ya jioni ikianza kunguruma upande wa Nandi, weka kazi ya BIOS hadi asubuhi.

Ikishaharibika: mbao nyingi za 775 zina chipu ya BIOS ya miguu minane iliyokaa kwenye kiota, unaing'oa kwa bisibisi ndogo bila kuchomelea. Unaiandika upya kwa programa (kifaa cha kuandika chipu) ya CH341A na programu ya flashrom. Angalizo: zile programa nyeusi za bei ya chini hutoa volti 5 kwenye waya za data ilhali chipu ni ya volti 3.3. Mara nyingi chipu huvumilia, lakini kuna siku haitavumilia. Irekebishe kwanza, au tafuta toleo lenye swichi ya volti.

KakamegaHardware

Mimi nina swali kuhusu stika yenyewe. Nimeona watu wanakata soketi, wengine wanakata prosesa. Ipi?

FundiKondele (Kisumu)

Njia tatu.

Ya kwanza, nunua prosesa ambayo tayari imetobolewa vipengo na kubandikwa stika. Hii ndiyo ninayopendekeza kwa asiyekuwa fundi.

Ya pili, tumia wembe mpya kukata vile vijino viwili vya plastiki kwenye ukuta wa soketi ya 775. Funika pini kwa kipande cha plastiki ngumu kabla ya kukata, kipande kikiangukia ndani kitainamisha pini. Baada ya hapo hakuna tena cha kukuzuia kuweka prosesa kinyume. Fuata pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona ya prosesa, ikutane na alama ya pini ya kwanza kwenye soketi. Maandishi ya juu ya bati usiyafuate, yatakuwa yamelala upande na utadhani umekosea.

Ya tatu, kukata kipengo kwenye ukingo wa prosesa kwa tupa nyembamba. Inawezekana, lakini ukizidisha nusu milimita unagusa waya za ndani. Sioni sababu.

Kubandika: safisha pedi kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, subiri ikauke. Shika stika kwa kibanio, usiiguse kwa kidole. Nafasi kati ya pedi na pedi ni kama milimita moja tu, kwa hiyo stika ikihama kidogo pini inakanyaga gundi badala ya shaba. Itazame chini ya kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukivuta karibu: zile njia mbili za shaba zilale juu ya L5 na M5 bila pengo. Ibonyeze kwa kifutio cha penseli. Agiza stika tatu hata kama una prosesa moja, kwa sababu ukiing'oa gundi imekufa.

Bondeni_PC (Nakuru)

Hapa tutofautiane kidogo, boss. Kukata soketi sipendi hata kwa fundi. Siku mashine ikiuzwa, mwenye ubao mpya hajui vijino vimekatwa, ataweka Core 2 kinyume na kuponda pini. Kama umekata, andika kwa maka ndani ya kasha.

FundiKondele (Kisumu)

Nakubali hilo la maka.

Otonglo_88

Imewekwa, G41, E5440 SLANT... samahani, sijui kama nimesoma vizuri, herufi zimefifia. Feni inazunguka sekunde mbili, inazima, inazunguka tena. Hakuna picha. BIOS niliflashi kabla.

FundiKondele (Kisumu)

Usianze kuikisia. Fuata mpangilio huu:

Chomoa waya wa ukutani, toa betri ya CR2032, subiri dakika kumi, rudisha. Jaribu na kijiti kimoja cha RAM kwenye nafasi ya kwanza. Hakikisha ile plagi ya pini nne ya 12V karibu na prosesa imeingia, ni ajabu mara ngapi imesahaulika.

Bado? Rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka, ubao, RAM na umeme ni wazima, kosa ni stika, maikrokodi au prosesa yenyewe. Isipowaka, chukua tochi uangalie soketi kwa kuilaza: pini zote zinang'aa kwa mstari, iliyoinama itaonekana kama nukta iliyokosekana. Inyanyue kwa ncha ya penseli ya chuma ya 0.5, bila risasi ndani, kidogo kidogo.

Kuhusu kodi iliyofifia: iweke kwenye mwanga wa pembeni, sugua pesti ya zamani yote itoke. Usiweke maikrokodi kwa kubahatisha. Kama nafasi ipo, ingiza zote mbili, ya 10676 na ya 1067A, prosesa itachukua yake.

Otonglo_88

Ya zamani inawaka. Stika ilikuwa imehama upande mmoja. Nimebandika nyingine, imewaka, inaandika 2.83 GHz.

Mwl_Mumias

Wadau, sisi shuleni tuna HP dc7900 na Dell OptiPlex 780 zile nyembamba. Stika inafaa?

Bondeni_PC (Nakuru)

Mwalimu, kwa hizo ninakushauri uachane na adapta kabisa. BIOS za HP na Dell zimefungwa, kuzihariri si kama kuhariri BIOS ya ubao wa dukani. Na kasha nyembamba lina pawasaplai ya wati 240 hivi na feni moja inayovuta hewa kupitia kila kitu.

Habari njema ni kwamba huzihitaji. Chipseti yake ni Q45, inapokea Core 2 Quad za 775 moja kwa moja. Tafuta Q9400 au Q9550 iliyotoka kwenye mashine kama hiyohiyo, sasisha BIOS rasmi ya mwisho kwanza, weka, maliza. OptiPlex 780 inatumia DDR3, dc7900 inatumia DDR2, usije ukaagiza RAM moja kwa zote.

Na kabla ya prosesa, weka SSD. Hata kwenye SATA II (kizazi cha pili), ambayo huishia kwenye MB 250 na kidogo kwa sekunde, mwanafunzi ataona tofauti kubwa kuliko ya viini vinne.

FundiKondele (Kisumu)

Hapo kwenye SSD, kwa wenye G31 na G41: nyingi zina daraja la kusini la ICH7 la kawaida, ambalo halina AHCI, ile hali ya kisasa ya kuendesha diski. SSD itafanya kazi kwa hali ya IDE. Usipoteze siku ukitafuta AHCI kwenye BIOS, haipo.

KakamegaHardware

Na joto? Wengine wanasema Xeon inasoma nyuzi 40 muda wote hata ikichemka.

FundiKondele (Kisumu)

Sensa za prosesa za nanomita 45 zina tabia ya kukwama kwenye namba za chini. Kwa hiyo namba ya mashine ikipumzika usiiamini sana, amini ya mzigo. Endesha jaribio la mzigo dakika 30 chumba kikiwa na joto la kawaida la mchana, si usiku. Ikipita 75 kwenye viini, kipoza joto hakijakaa.

Zile pini nne za plastiki za kipoza cha Intel: bonyeza mbili za mkingamo kwa pamoja, halafu mbili nyingine, kila moja ilie "tik". Kisha geuza ubao uangalie nyuma, ncha zote nne ziwe zimefunguka na kutoka sawa. Moja ikiwa imeingia nusu, kipoza kinaegemea upande na kiini kimoja kinakuwa juu nyuzi 15 kuliko wenzake. Pesti, kiasi cha punje ya mchele katikati. Na gusa mosfeti kwa kidole mashine ikiwa na mzigo, ukiwa umegusa kasha kwanza: ukishindwa kuvumilia sekunde tatu, weka vihitisinki vya kubandika au elekeza feni hapo. Nakuru vumbi ndilo tatizo zaidi ya joto, puliza kila baada ya miezi mitatu.

MamaSaiba_Nakuru

Na Windows 11 zitaingia?

Bondeni_PC (Nakuru)

Hapana mama, na hili wanaouza stika hawalisemi. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji SSE4.2 na agizo la POPCNT. Prosesa zote za familia hii zinaishia SSE4.1. Hakuna ujanja wa kuruka TPM (chipu ya usalama) utakaosaidia, Windows hiyo haitawaka kabisa. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa saiba inayofungua tovuti tu, Linux Mint inatosha, na ina faida ya ziada: inapakia maikrokodi yenyewe wakati wa kuwaka ukiweka kifurushi cha intel-microcode, hata kama BIOS haina. Lakini ubao lazima uweze kufika hapo kwanza.

Jaribu printa na skana zako kwenye Mint ya flashi diski kabla ya kufuta chochote.

Sigowet_Tech

Je, kuna adapta ya kuweka prosesa ya 1155 kwenye ubao wa 775 au 1156? Nimeona tangazo.

FundiKondele (Kisumu)

Haipo. 771 na 775 ziliwezekana kwa sababu ni karibu pacha. Kuanzia kizazi cha kwanza cha Core i, kidhibiti cha RAM kilihamia ndani ya prosesa, kwa hiyo 775 na 1155 haziongei lugha moja. 1156 na 1155 zina tofauti ya pini moja kwa jina tu, mpangilio na umeme ni vitu vingine kabisa. Tangazo hilo likimbie.

Adapta za kweli zimekuwepo kila pale umeme na basi vilipokaribiana. Miaka ya Slot 1 kulikuwa na kadi za kupokea prosesa za soketi 370. Mwaka 2005 ASUS ilikuwa na CT-479 iliyoweka Pentium M kwenye mbao zake kadhaa za 478. Hata hizo zilihitaji BIOS inayofaa. Hadithi ni ileile.

Kama una ubao wa 1155 tayari, H61 kwa mfano, huhitaji adapta. Xeon E3-1230 v2 inaingia moja kwa moja: viini vinne, nyuzi (threads) nane, wati 69. Sasisha BIOS kwanza kama ubao ulitoka enzi za kizazi cha pili, na ujue haina picha ndani, utahitaji kadi ya video.

MamaSaiba_Nakuru

Basi naagiza E5450 nne za SLANQ zilizobandikwa tayari, vijiti vya chipu 16, na UPS ya kuflashia. G31 mbili nitaziacha za kuchapisha.

FundiKondele (Kisumu)

Sawa mama. Jumlisha gharama zote kabla ya kulipa. Zikikaribia nusu ya bei ya mashine kamili ya i5 kizazi cha tatu iliyotumika, nunua hiyo badala yake. Na anza na mashine moja, ikae wiki na mzigo wa saiba, ndipo ufungue nyingine tatu.